Armenia: Nchi ya Msalaba na Herufi 36

Armenia ni nchi ya milima kusini mwa Kaukasi, haina pwani, na eneo lake la kilomita za mraba 29,743 ni dogo kuliko mkoa wa Dodoma. Ina watu wapatao milioni 3. Majirani zake ni Uturuki, Georgia, Azerbaijan na Iran, na mipaka yake na Uturuki na Azerbaijan ilifungwa mapema miaka ya 1990. Kukipambazuka bila ukungu, wakazi wa mji mkuu, Yerevan, huuona Mlima Ararat, mita 5,137, umevaa theluji kiangazi na masika. Mlima huo uko Uturuki. Hata hivyo ndio uliochorwa katikati ya nembo ya taifa la Armenia, na kileleni pake imewekwa safina ya Nuhu.

Waarmenia walikuwa na wafalme kabla Kristo hajazaliwa. Mmoja wao, Tigranes Mkuu, aliwahi kutikisa Mashariki yote hadi Warumi wakamfuata kwa majeshi. Lakini falme za zama zile zilikuwa nyingi, na nyingi zimetoweka pamoja na watu wake na lugha zao. Waarmenia wapo, na kila ukiwauliza kwa nini wapo, jibu linaanzia kanisani.

Linaanzia hasa shimoni. Chini ya Ararat, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Yerevan, kuna monasteri ya Khor Virap. Ndani ya kikanisa kidogo sakafu ina tundu jembamba. Mahujaji hushuka kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, mabega yakigusa mawe, hadi chini ya shimo la mita kama 6 ambako hewa ni nzito kwa moshi wa mishumaa. Mapokeo yanasema hapo ndipo Mfalme Trdat wa Tatu alipomtupa Grigor kwa kosa la kukataa kumtolea sadaka mungu wa kike Anahit, akakaa humo miaka 13. Baadaye mfalme akamuua mtawa Hripsime na wenzake waliokimbia kutoka Roma, naye akapatwa na wazimu. Dada yake, Khosrovidukht, akaota kwamba hakuna wa kumponya ila yule mfungwa. Grigor akatolewa, mfalme akapona na kubatizwa, na mwaka 301 Ukristo ukatangazwa kuwa dini ya nchi. Ndiyo maana Waarmenia hujiita taifa la kwanza la Kikristo duniani, na Grigor wanamwita Mwangazaji.

Masimulizi hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya matukio, na wanahistoria wengi wanaona mwaka 314 unaelekea zaidi kuwa sahihi. Siasa nayo ilikuwamo. Armenia ilibanwa kati ya Roma na Uajemi, na dini mpya ilimpa mfalme njia ya kujitenga na Waajemi walioabudu mbele ya moto. Wala haikuwa kazi ya mahubiri peke yake: askari walibomoa mahekalu, na mashamba yake yakapewa Kanisa. Hekalu moja tu lenye nguzo za Kigiriki, lile la Garni, lilinusurika. Liliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1679, likajengwa upya katika karne ya 20.

Mimi naona mwaka 301 unapewa uzito kupita kiasi. Mfalme anaweza kubatizwa leo, mrithi wake akakana kesho. Mwaka uliolijenga taifa hili ni 405. Kufikia hapo Armenia ilikuwa imeshagawanywa vipande viwili, kimoja cha Roma na kimoja cha Uajemi. Kanisani Maandiko yalisomwa kwa Kigiriki na Kisiria, na wanavijiji walisikiliza wasielewe. Mtawa Mesrop Mashtots, aliyekuwa amezunguka akihubiri na kuiona shida hiyo kwa macho yake, akaungana na Katolikosi Sahak, mkuu wa Kanisa, na Mfalme Vramshapuh akawaunga mkono. Mashtots akabuni herufi 36, kila sauti ya Kiarmenia na herufi yake. Wanafunzi wakatumwa Edessa na Constantinople kutafuta vitabu, na Biblia ikatafsiriwa. Mwaka 428 ufalme ukafutwa, herufi zikiwa na miaka 23 tu. Mpaka leo watoto wa darasa la kwanza hupelekwa Oshakan, kwenye kaburi la Mashtots, kupokea alfabeti.

Mtihani haukuchelewa. Yazdegerd wa Pili wa Uajemi aliwaamuru Waarmenia waiache imani yao, na mwaka 451, kwenye uwanda wa Avarayr, Vardan Mamikonian aliongoza jeshi dogo dhidi ya Waajemi waliokuwa na tembo wa vita. Vardan aliuawa na vita ikashindwa, huku baadhi ya wakuu wa Kiarmenia wakiwa upande wa Uajemi. Lakini upinzani haukuzimika, na mwaka 484 Uajemi ikakubali kwa mkataba kwamba Waarmenia waabudu watakavyo. Mwaka huohuo wa Avarayr maaskofu wa Milki ya Roma walikutana katika mtaguso wa Kalsedonia. Waarmenia hawakuwapo, na baadaye waliyakataa maamuzi ya mtaguso huo, wakawa upande mmoja na Wakopti na Wahabeshi. Udugu huo ulikuja kuonekana wazi mwaka 1924, Ras Tafari wa Ethiopia alipowachukua mayatima 40 wa Kiarmenia kutoka Jerusalem, waliopiga tarumbeta. Kiongozi wao wa muziki, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa enzi za Haile Selassie.

Mayatima hao walibaki baada ya mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915 katika Milki ya Osmani. Kuna kitabu katika makumbusho ya Matenadaran, Yerevan, ambacho kwangu kinaeleza msiba ule kuliko takwimu. Ni mkusanyiko wa mahubiri ulioandikwa kwa mkono juu ya ngozi za ndama mwanzoni mwa karne ya 13, ukawekwa katika monasteri ya Mush, na uzito wake unakaribia kilo 28. Wanawake wawili waliokuwa wakikimbia waliukuta katika magofu, hawakuweza kuubeba mzima, wakaugawa. Mmoja alifikisha nusu yake Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa. Wa pili aliizika nusu yake kwenye uwanja wa kanisa huko Erzurum, nayo ikapatikana baadaye. Watu waliofukuzwa makwao bila mkate walibeba kitabu.

Mei 1918 jeshi la Kituruki lilikaribia Etchmiadzin. Katolikosi Gevorg wa Tano alikataa kuhama, kengele zikapigwa kuwaita wanaume, na ushindi wa Sardarabad ukaizaa jamhuri ya kwanza. Haikudumu, Wasovieti waliingia mwaka 1920, makanisa yakafungwa, na mwaka 1938 Katolikosi Khoren wa Kwanza alikutwa amekufa, wengi wakiamini aliuawa na polisi wa siri. Uhuru ulirudi mwaka 1991.

Ukienda leo monasteri ya Geghard siku ya Jumapili utakuta familia imeleta kondoo au jogoo wa sadaka waiitayo madagh. Padri hubariki chumvi, mnyama hulishwa chumvi hiyo kabla ya kuchinjwa, nyama huchemshwa na kugawiwa majirani na maskini. Huenda desturi hiyo ni kongwe kuliko Grigor mwenyewe; Kanisa liliipokea likaibariki.

Ibara ya 18 ya katiba inatambua kazi ya pekee ya Kanisa la Kitume la Armenia katika maisha ya kiroho, utamaduni na utambulisho wa taifa. Ibara ya 17 inatenganisha dini na dola. Mvutano kati ya hizo mbili si wa mahakamani tu; umeonekana pia katika siasa. Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 walikimbia Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa na Azerbaijan, wakayaacha nyuma makanisa kama Gandzasar. Hata kabla ya hapo, baada ya vita ya mwaka 2020 juu ya eneo hilo, Katolikosi Karekin wa Pili alikuwa ameshamtaka Waziri Mkuu Nikol Pashinyan ajiuzulu. Mwaka 2025 ugomvi wao ulipamba moto, na maaskofu wakakamatwa. Serikali ina haki ya kusema kwamba anayetaka madaraka agombee kwa kura. Lakini kwa karne nyingi Waarmenia hawakuwa na mfalme wala bunge, na waliowasemea mbele ya masultani na wafalme wa Urusi walikuwa wakuu wa Kanisa. Kuwataka waizoee serikali isiyowahitaji wakuu hao ni jambo jipya sana kwao, na bado hawajakubaliana wenyewe kama wanalitaka.