Umbo la Mtu Katika Taa za Barabarani

Mtoto aliyekulia Gorong'a, wilayani Tarime, hujifunza kuvuka barabara kwa macho na masikio. Husimama, husikiliza mlio wa gari, hungoja vumbi litulie, kisha huvuka. Siku afikapo Dar es Salaam hukuta njia panda yenye taa, na ndani ya taa hiyo mna umbo dogo la mtu. Je, kwa nini rangi haikutosha, hata likahitajika umbo?

Sababu ya kwanza imo machoni. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao tangu kuzaliwa hawatofautishi vema nyekundu na kijani. Mtu wa namna hiyo husaidiwa na umbo. Mwaka 1961 Karl Peglau, mwanasaikolojia wa usafiri wa Berlin Mashariki, alibuni mtu wa taa mwenye kofia. Yule mwekundu amenyoosha mikono pande zote mbili, mithili ya boriti iliyoziba njia. Yule wa kijani anapiga hatua ndefu. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990 taa hizo zilianza kuondolewa, lakini wananchi wakazitetea, na hadi leo zipo.

Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 yaliweka kanuni moja: mtu mwekundu amesimama, wa kijani anatembea. Hata hivyo, tofauti hazikwisha. Marekani hutumia kiganja cha rangi ya chungwa na mtu mweupe atembeaye. Huko Taipei, tangu mwaka 1999, mtu wa kijani huonekana akitembea, na muda ukaribiapo kwisha huharakisha mwendo.

Kosa la hatari hutokea taa ya kijani inapowaka na kuzimika. Wengi hudhani wanahimizwa kuingia barabarani upesi. Sivyo. Maana yake ni kwamba muda unakwisha: aliyekwisha kuingia amalize kuvuka, ambaye hajaingia angoje. Kiganja cha Marekani kinapowaka na kuzimika husema neno lilo hilo.

Yafaa pia kukumbuka kuwa umbo hilo hutoa amri tu. Halina nguvu ya kulizuia gari. Nchini Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo lililo karibu zaidi na mvukaji hutokea kuliani kwake. Mazoea ya Gorong'a, kutazama na kusikiliza kwanza, yanahitajika hata penye taa.