Mzio wa macho haupimwi kwa kijiti cha chuma

Vumbi likianza, barua za wasomaji hufanana: mtoto anafikicha macho mpaka usiku, apimwe wapi? Wengine wameshapimwa, wanasema, kwa mashine ya kushikishwa kijiti cha chuma, ikatoa kurasa nzima za vyakula vya kuacha. Mashine hiyo haipimi mzio. Anayekutoza kwa karatasi zile anakuibia, na macho ya mwanao yanazidi kuharibika.

Daktari wa macho huanza na swali: yanawasha? Jicho la mzio huwasha kuliko linavyouma. Kisha hugeuza kope la juu na kulimulika kwa darubini. Kwa watoto wa nchi za joto, hasa wavulana, huweza kukuta vinundu vilivyobanana kama punje kwenye gunzi la mahindi, au vidoa vyeupe pembezoni mwa konea. Mara nyingi utambuzi huishia hapo, bila maabara.

Kipimo cha ngozi hutafuta kichochezi. Matone yenye vumbi la nyumbani, mende, chavua au manyoya ya paka huwekwa mkononi, na ngozi hudungwa kidogo kupitia kila tone. Ndani ya ngozi zimo seli za masti, zimevaa kingamwili za IgE. Kichochezi kikishika kingamwili moja, kimya. Kikiunganisha mbili zilizo jirani, seli humwaga histamini papo hapo, na ndani ya dakika 15 hadi 20 ngozi huvimba. Uvimbe ukizidi ule wa tone la kulinganishia la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni chanya. Tone jingine la histamini tupu huonyesha kama ngozi inaitikia. Vidonge vya mzio huzuia mwitikio huo, ndiyo maana husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari. Kipimo cha IgE ya damu hakidai hilo.

Ila uvimbe huthibitisha tu kwamba mwili una IgE hiyo, si kwamba ndiyo inayowasha jicho. Na watoto wengi wenye vinundu vile hukutwa hawana kitu, ngozini wala kwenye damu, ilhali wanaumwa kweli. Kwao, seli zilizokwanguliwa chini ya kope au machozi yenyewe huweza kuonyesha zaidi.

Wakati mnasubiri miadi: kitambaa cha maji baridi, asifikiche. Maziwa ya mama na mkojo visiingie machoni kamwe. Matone ya steroidi ya kujinunulia dukani hutuliza haraka, kisha hupandisha presha ya jicho kimyakimya. Kama mtoto ameshayatumia, nenda na chupa yake, na mwombe daktari ampime presha hiyo.