Kozi za bure mtandaoni: Kuingia ni rahisi, kumaliza ni kibarua

KIJANA aliyekulia Makongeni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, leo anaweza kusoma somo la chuo kikuu cha Marekani kwa simu ya mkononi bila kulipa karo. Hata hivyo, kuna gharama nyingine zinazomsubiri.

Elimu huria ya mtandaoni ilipata nguvu mwaka wa 2001, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) ilipotangaza kwamba ingeweka mafunzo yake kwenye intaneti yasomwe bure na yeyote. Mnamo 2012 yalianzishwa mashirika ya Coursera na edX, yakitoa kozi kamili zenye mihadhara ya video, mazoezi na mitihani.

Kwa Wakenya, njia ilikuwa imefunguka mwaka wa 2009, nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo, nchi ilitegemea setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na za mwendo wa kobe.

Kikwazo cha kwanza ni bando. Video za kozi moja huweza kumaliza data ya wiki nzima. Aidha, kozi nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, na baadhi ya mazoezi, hasa ya kuunda programu, ni vigumu kuyafanya bila tarakilishi.

Pili ni mahali pa kusomea. Familia inayoishi katika chumba kimoja haina kona ya utulivu. Ndiyo maana maktaba za umma, kama ile ya mtaa jirani wa Kaloleni, zina thamani kubwa.

Tatu ni kukata tamaa. Utafiti kuhusu kozi za MIT na Harvard kwenye edX ulionyesha kuwa katika mwaka wa 2017-18, takriban watu 3 tu kati ya kila 100 waliojiandikisha walimaliza. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 kati ya 100. Bila shaka wengi wa hao walikuwa na lengo tangu mwanzo.

Suala la cheti ndilo zito zaidi. Katika kozi nyingi, kusoma ni bure lakini cheti hulipiwa. Isitoshe, cheti cha kozi fupi si shahada wala stashahada, na mwajiri ndiye huamua uzito wake. Anayetaka shahada kwa njia ya mtandao anaweza kujiunga na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kuanzishwa Agosti 2023, lakini huko karo hulipwa.

Kwa hivyo, kabla ya kujiandikisha, mwanafunzi hana budi kujiuliza: anatafuta ujuzi au karatasi? Anayetafuta ujuzi atapata mengi bure. Anayetafuta karatasi na aulize kwanza bei yake, na ni nani atakayeitambua.