Stromae na swali la baba

Kuanzia soko la Mahoko hapa Kanama hadi Goma ng'ambo ya mpaka, wapenzi wa muziki wanamjua Stromae kwa nyimbo zake za kuchezeka. Wanaojua baba yake alikuwa nani ni wachache. Kwangu mimi mwalimu, habari hiyo ya pili ndiyo nzito.

Jina lake halisi ni Paul Van Haver. Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, tarehe 12 Machi 1985. Mama yake ni Mbelgiji. Baba yake, Pierre Rutare, alikuwa Mnyarwanda, msanifu majengo. Paul alilelewa na mama, na baba alimwona mara chache tu. Mwaka 1994 Rutare aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka tisa.

Kijana huyo alianzia kwenye muziki wa rapu. Jina la Stromae alilipata kwa kupindua silabi za neno "maestro", kama wafanyavyo vijana wa mjini wanaosema Kifaransa. Mwaka 2010 wimbo wake "Alors on danse" ulishika nafasi ya kwanza katika nchi kadhaa za Ulaya, na mwaka huohuo ikatoka albamu yake ya kwanza, "Cheese".

Albamu ya pili, "Racine carrée", ilitoka 2013. Katika hesabu hicho ni kipeuo cha pili, lakini neno "racine" maana yake ni mzizi. Humo ndimo ulimo wimbo "Papaoutai". Ukilitamka jina hilo unasikia swali la mtoto: baba, uko wapi?

Tarehe 17 Oktoba 2015 aliimba Kigali, katika nchi ya baba yake. Onyesho hilo lilipangwa kufanyika mwezi Juni, likaahirishwa kwa sababu ya afya yake. Alipofika, maelfu ya watu walimpokea kama mtoto wa nyumbani.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Kwa desturi ya Wanyarwanda, kila mtoto hupewa jina lake, wala si lazima achukue la baba. Kwa hiyo majina peke yake hayawezi kukuonyesha ukoo. Ukoo huhifadhiwa vichwani na midomoni mwa wazee. Mzee akiuawa, au akifia ugenini, anaondoka na kurasa nzima.

Sisi tuliosomea uhamishoni tunalijua hilo. Mlima wa babu tuliufahamu kwa jina miaka mingi kabla ya kuukanyaga. Leo darasani namwona mwanafunzi anayetaja jina la baba bila kusita, lakini ukimwuliza la babu anatazama chini.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini yuko pia asiyeiacha asili yake, ila alinyang'anywa walioijua. Huyo hastahili lawama, anastahili kusimuliwa.

Ndugu wafanyabiashara wa mpakani, kila mmoja wenu ana daftari la madeni. Ongezeni humo ukurasa mmoja: jina la babu, jina la bibi, mlima waliotoka, na mwaka waliouacha. Mwulizeni mzee aliye hai jioni hii, kisha mpeni mtoto asome.