Mkono wa Kombeo: Kupandishwa Daraja kwa Mrushaji Chipukizi katika Besiboli

Utangulizi

Mpunga unapoanza kukomaa katika mashamba ya delta ya Mto Tana, kama yale ya Ozi, huhitaji mlinzi. Ndege hushuka kwa makundi, na kazi ya kuwaamia aghalabu huwa ya vijana. Kijana husimama juu ya dungu, akatia donge la udongo katika kombeo, akalizungusha na kuliachia. Baada ya siku chache wazee huwa wamekwisha kujua ni nani mwenye mkono. Hata hivyo, mzee mwenye busara hamwachii kijana shamba zima kwa kuwa amerusha mbali siku moja. Atataka kwanza kuona iwapo anazijua saa za ndege, anavumilia jua, na mkono wake una nguvu ile ile alasiri kama asubuhi.

Besiboli haina mizizi Ozi, lakini swali hilo la wazee ndilo linaloikabili kila klabu ya mchezo huo yenye mrushaji chipukizi: lini apandishwe Ligi Kuu? Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo unavyofanywa, na yanadai kuwa una pande mbili ambazo hazina budi kutenganishwa: ukomavu wa kijana, na maslahi ya wanaommiliki.

Kazi ya mrushaji

Katika besiboli, mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na kila mchezo huanzia mkononi mwake. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149. Warushaji wenye nguvu zaidi huufikisha kasi ya kilomita 160 kwa saa, kiasi kwamba mpigaji huwa na chini ya nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kuupiga.

Kasi ndiyo inayowavutia watazamaji, lakini haitoshi. Mrushaji sharti aufikishe mpira pale alipokusudia, kwani akikosea mara nne mpigaji hupewa kituo bure. Lazima awe na mirusho ya namna mbalimbali, mmoja wa kasi, mwingine wa kupinda, mwingine wa kupunguza mwendo, na yote itoke katika mkao mmoja wa mwili ili mpigaji asiitambue mapema. Zaidi ya hayo, awe na moyo wa kuendelea baada ya kupigwa vibaya mbele ya maelfu ya watu.

Ngazi za kupanda

Ligi Kuu ya Marekani ina klabu 30. Tangu mageuzi ya mwaka 2021, kila klabu ina timu nne za madaraja ya chini zinazocheza msimu mzima, yaani timu 120 kwa jumla, mbali na zile za wanaoanza kabisa. Kijana hupanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi humkutanisha na wapigaji wanaojua kungoja kosa lake. Anayeshinda chini kwa kasi pekee hugundua huko juu kwamba kasi imezoeleka.

Ipo pia hatari ya mwili. Kano ya ndani ya kiwiko hubeba mzigo mkubwa katika kila mrusho. Tangu mwaka 1974, daktari Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kuibadilisha kano hiyo, wengi wamerejea mchezoni, lakini kwa gharama ya mwaka mzima au zaidi wa kungoja. Ndiyo sababu klabu huhesabu mirusho ya kijana mchezo kwa mchezo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika besiboli, anayemkunja kupita kiasi humvunja.

Mifano miwili

David Clyde alichaguliwa wa kwanza nchini Marekani mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 18. Klabu ya Texas Rangers ilihitaji watazamaji, ikampeleka Ligi Kuu moja kwa moja kutoka sekondari. Tarehe 27 Juni 1973 uwanja ulijaa pomoni, na kijana akashinda mchezo wake wa kwanza. Lakini hakuwa amepewa muda wa kujifunza, na baadaye bega lilimsumbua. Mchezo wake wa mwisho katika Ligi Kuu ulikuwa mwaka 1979, akiwa ameshinda mara 18 na kushindwa mara 33.

Paul Skenes naye alichaguliwa wa kwanza mwaka 2023, na klabu ya Pittsburgh Pirates, lakini alikuwa amekwisha kupita chuo kikuu. Mwanzoni mwa msimu wa 2024 aliwekwa daraja la chini, mirusho yake ikipimwa kwa uangalifu, kisha akapandishwa tarehe 11 Mei. Mwaka huo alitunukiwa tuzo ya mchezaji mpya bora, na mwaka 2025 tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Wote wawili walipanda haraka. Tofauti ni kwamba mmoja aliitwa kujaza viti, mwingine aliitwa baada ya kupimwa.

Subira ya nani?

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kuchelewesha ni hekima. Siku 172 katika Ligi Kuu huhesabiwa kuwa mwaka mmoja wa utumishi, na mchezaji mwenye miaka sita huwa huru kuchagua klabu aitakayo. Kwa hiyo, klabu inayomchelewesha kijana kwa wiki mbili tu inaweza kumshikilia mwaka mzima zaidi. Mwaka 2015 mpigaji Kris Bryant wa Chicago Cubs aliitwa kwa wakati uliompatia siku 171, pungufu ya siku moja. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Mapatano ya mwaka 2022 yalilegeza fundo hilo: wachezaji wapya wawili wanaoongoza kura za tuzo katika kila ligi hupewa mwaka kamili hata kama walichelewa kuitwa. Skenes alinufaika kwa njia hiyo.

Msomaji wa fasihi ya mwambao hataliona jambo hili kuwa geni. Ozi na Kipini ni nchi ya Fumo Liyongo, ambaye masimulizi husema amezikwa pande hizo. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, walioahidiwa fedha na mtawala walipanga kikoa cha makoma: kila mmoja apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ifikapo wampige mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mshale, akiwa chini. Shabaha ilimwokoa siku ile, lakini haikumwondoa katika hesabu za mwenye mamlaka. Mwenye kipaji hana budi kujua ni nani anayemwambia apande, na kwa nini.

Chipukizi wa Afrika

Swali hili sasa limefika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Uganda walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates ikamsajili mrushaji David Matoma. Wote walianzia ngazi za chini kabisa. Kielelezo cha safari hiyo ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini: alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, akaingia Ligi Kuu tarehe 26 Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kukulia barani na kufika huko. Papo kwa papo, kamba hukata jiwe.

Hitimisho

Kumpandisha mrushaji chipukizi si zawadi ya kasi. Ni hukumu juu ya shabaha, mwili na moyo wake, na hutolewa na watu wenye faida yao katika hukumu hiyo. Anayeharakishwa aulizwe nani anauza tiketi. Anayecheleweshwa aulizwe nani anahesabu siku. Mzee wa shamba la mpunga ana nafuu moja: ndege wakila, yeye na kijana hulala njaa pamoja. Klabu hukosa msimu mmoja tu, ilhali kijana huweza kupoteza mkono.