Mali bila daftari: Je, mto wako umeandikwa?

Hebu fungua mfereji wa jikoni mwako asubuhi ya leo. Ikiwa unaishi Nairobi na maji yametoka, huenda yamesafiri kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Bwawa hilo lilikamilika mwaka wa 1994. Linaweza kuhifadhi maji mita milioni 70 za ujazo, na hujazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu inayoteremka kutoka milima ya Aberdare.

Na yasipotoka je? Bila shaka unakumbuka mwaka wa 2017, mvua ilipopungua, bwawa likashuka na mitaa ikaanza kupewa maji kwa zamu. Wakati kama huo kila mtu hutafuta wa kulaumu. Mkazi wa mjini humlaumu mkulima wa mlimani kwa kulima hadi ukingoni mwa mto. Mkulima naye hushangaa maji yanapita shambani mwake yakienda mjini huku yeye akikosa. Nani mkosaji? Bila takwimu, hakuna ajuaye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mto ni mali. Sheria ya Maji ya 2016 inawaruhusu wanaotumia mto mmoja kuunda chama chao na kusaidia kupanga jinsi ya kuutunza. Lakini mpango wa kubahatisha ni sawa na kwenda sokoni bila kujua una shilingi ngapi mfukoni. Je, daftari la mto liandikwe nini?

Kwanza, mpaka. Mto haujui wadi wala kaunti. Mpaka wake ni migongo ya vilima: mvua ikinyesha upande huu huteremka kwenu, na upande wa pili huenda kwa jirani.

Pili, kiasi cha maji. Mvua hupimwa kwa milimita, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hivyo mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita 40 za mraba ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20! Mto nao hupimwa kwa ubao wenye alama uliosimikwa majini, unaosomwa kila siku. Vipimo vya mwaka mmoja havitoshi, kwani huenda mwaka huo ulikuwa wa mafuriko au wa ukame.

Tatu, ardhi. Mteremko ni mkali kiasi gani? Ni wapi pana msitu, majani chai, mahindi au udongo mtupu? Udongo unaochukuliwa na mvua huishia bwawani na kula nafasi ya maji. Mkulima naye hupoteza rutuba. Ukijua udongo unatoka shamba lipi, utajua pa kuchimba matuta na kupanda nyasi za ng'ombe.

Nne, watumiaji. Nani huteka maji, kiasi gani, na ana kibali? Waandikwe wote, wenye pampu na wenye ndoo.

Tano, uchafu. Andika mahali ambapo maji ya kiwanda, vyoo na takataka huingia mtoni.

Mwisho, waulize wazee. Wao wanakumbuka chemchemi zilizokauka na mahali mto ulipofurika zamani, mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote.

Usidhani kazi hii ni ya wahandisi peke yao. Mwanafunzi, chukua mkebe ulionyooka kutoka chini hadi juu, uweke uwanjani mbali na miti na kuta, kisha kila asubuhi saa tatu pima maji kwa rula na uandike. Mzazi, mwulize mtoto wako mto ulio karibu nanyi unaanzia wapi na kuishia wapi. Asipojua, nendeni pamoja mkauone. Na kumbuka kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Zikiwemo za mto wako.

Ukame utarudi, hilo halina shaka. Ukirudi, heri utukute na daftari mkononi kuliko kutukuta tukilaumiana kando ya mitungi mitupu.