Dawa ya mafua makali ina saa 48: timu yako ya watu watatu imejipangaje?

Ukiuza viatu, vipodozi au vyombo kwa simu, "ofisi" yako mara nyingi ni sebule au chumba kimoja cha kupanga. Wewe unajibu DM, dada mmoja anapaki, kijana wa boda anapeleka. Watu watatu, hewa moja. Ikiingia influenza yenyewe, sio haya mafua ya kupiga chafya, ile inayokulaza siku kadhaa na homa na mwili kuuma kama umepigwa, duka zima linafungwa bila kuweka tangazo.

Leo tuongelee kitu ambacho kampuni kubwa zilishakipigia hesabu zamani, sisi wadogo hatujakigusa: dawa za virusi vya mafua, na namna ya kuziingiza kwenye mpango wa kazi kabla janga halijafika.

Mwaka 2005 mafua ya ndege, yale ya H5N1, yalipotoka Asia yakaonekana Ulaya, dunia iliingiwa na hofu. Serikali zikaanza kununua na kuweka stoo dawa inayoitwa oseltamiviri, wengi wanaijua kwa jina la biashara Tamiflu, ya kampuni ya Roche ya Uswisi. Uingereza peke yake ilitumia pauni milioni 424 kwenye Tamiflu. Kampuni nazo hazikubaki nyuma. Mwaka 2008 Roche ilifungua mpango Marekani ambapo mwajiri analipa ada kila mwaka, dawa za wafanyakazi wake zinatunzwa kiwandani zikimsubiri yeye. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikatoa mwongozo kwa waajiri wanaotaka kuweka akiba ya dawa hizo, na watu wa hospitali na wa dharura ndio waliofikiriwa kwanza.

Kwa nini watu walipe hela kwa dawa ambayo huenda wasiitumie? Jibu ni saa.

Dawa hii haiui virusi. Kirusi cha mafua kikishaingia kwenye seli ya mwili kinazaliana humo ndani, halafu watoto wake wanatoka kwenda kushambulia seli nyingine. Oseltamiviri inafunga mlango wa kutokea. Mzigo umeshapakiwa lakini hautoki stoo. Ndio maana inafanya kazi vizuri ikianza mapema, ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza. Ukichelewa, mzigo ulishasambaa mikoa yote. (Aliyezidiwa mpaka kulazwa, daktari anaweza kumwanzishia hata saa hizo zikipita. Hilo ni la daktari.)

Sasa piga hesabu ya kibiashara. Mtu mzima mgonjwa anameza kidonge cha miligramu 75 mara mbili kwa siku, siku 5. Hivyo ni vidonge 10 tu. Ila ukitaka kumkinga mtu mzima asiumwe wakati wimbi linapita, anameza kimoja kila siku, na kwa wiki 6 hivyo ni vidonge 42. Timu ya watu 4 ni vidonge 168. Kampuni ya umeme au hospitali inaweza kusema sawa. Wewe mwenye mtaji wa marobota mawili ya mitumba? Hapana, na mimi sitakushauri. Vidonge vina tarehe ya kuisha, vinahitaji cheti cha daktari, na faida yake ina mipaka. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane walipochambua majaribio yote waliyoyapata, waliona kwa watu wazima dawa inapunguza siku za dalili kutoka 7 hadi 6.3. Yaani zaidi ya nusu siku kidogo. Tena hawakuona ushahidi mzuri kwamba inapunguza watu kulazwa, na kuna wanaotapika kwa sababu yake. Wataalamu bado wanabishana hapo, hasa kuhusu wagonjwa mahututi, lakini kwa kijana mwenye afya njema sio dawa ya miujiza.

Sasa nani anaihitaji kweli? Hapa ndipo mwenye timu ndogo anatakiwa kukaa chini afikiri. Mjamzito. Mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Anayeishi na VVU. Mzee wa miaka 65 na kuendelea, mtoto mdogo chini ya miaka 5. Mafua yanapowaingia hawa yanaweza kushuka kwenye mapafu haraka. Na mwaka 2009, mafua ya nguruwe yalipokuja, wajawazito na vijana ndio walioshangaza madaktari kwa kuzidiwa. Wazee wengi walikuwa na kinga ya zamani.

Angalia na kasi yake. Kirusi kile kilionekana Mexico na California Aprili 2009. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani likatangaza janga la dunia. Mwisho wa Juni hiyohiyo Kenya ikathibitisha mgonjwa wa kwanza, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa na wenzake Kisumu, na Julai ikafuata Tanzania. Miezi miwili na siku chache kutoka habari ya redioni mpaka mlangoni kwetu. Chanjo yake ilianza kutolewa Septemba, tena nchi chache kwanza. Katikati hapo kilichokuwepo ni dawa, barakoa, maji na sabuni, na mtu kukaa kwake akiumwa.

England walifanya jambo moja ambalo mimi naona linatufaa kuliko stoo ya vidonge. Julai 2009 walifungua huduma ya simu na intaneti: unaumwa, hutoki nyumbani, unapiga, unajibu maswali ya dalili, ukikidhi vigezo unapewa namba. Halafu ndugu au rafiki asiyeumwa anaenda na ile namba kituoni kukuchukulia dawa. Wenyewe wakamwita rafiki wa mafua. Mgonjwa hagusi foleni, saa 48 haziishii kwenye benchi.

Sisi hatuna huduma ile, ila rafiki wa mafua tunaweza kuwa naye. Wiki hii, kabla hakuna anayeumwa, kaa na timu yako. Usiwaulize wenzio magonjwa yao mbele ya watu, wala usimlazimishe mtu kukutajia hali yake, hiyo ni siri yake. Waambie tu: "Kama una hali inayokufanya uumwe zaidi ukipata mafua makali, muulize daktari wako mapema ukianza homa ufanye nini, na nani akuchukulie dawa." Dada anayepaki akiwa mjamzito, aulize kliniki kwenye tarehe yake ijayo. Ulizieni ni hospitali gani karibu ina daktari jioni na wikiendi, na famasi ipi kubwa huwa nayo dawa hiyo, maana usitegemee kuikuta kwenye duka la dawa la mtaani. Namba ya bure ya Wizara ya Afya Tanzania ni 199, Kenya ni 719. Andikeni ukutani hapo mnapopakia mizigo.

Halafu la hela, ambalo wengi tunaliruka. Anayelipwa kwa siku hatakwambia ana homa. Atakuja, atapaki oda 30 huku anakohoa, kesho mko watatu chini. Siku 3 za malipo kwa mtu mmoja aliyelala kwake ni rahisi kuliko wiki ya duka zima. Kubalianeni sasa hivi, hata kama ni nusu ya malipo, ajue hatapoteza nafasi.

Tuje kwenye mtego wetu sisi watu wa mtandaoni. Janga likija, mtu atakutumia ujumbe: "Boss, nina Tamiflu kutoka nje, chukua jumla, utauza mara tatu." Usichukue. Oktoba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza yenyewe mtandaoni ili ione kinachouzwa. Oda moja ilikuja kwenye bahasha isiyo na jina, muhuri wa posta wa India, ndani vidonge vyeupe vimebandikwa kwa selotepu kati ya karatasi mbili. Vilipopimwa vilikuwa na poda na parasetamo. Tovuti iliyoviuza ilikuwa imeshapotea. Juni 2010 wakakuta nyingine ikiuzwa kama Tamiflu ya bei nafuu, ndani hakuna oseltamiviri kabisa, kuna kloksasilini, ndugu wa penisilini. Mtu mwenye aleji ya penisilini akimeza hiyo anaweza kufa, na virusi vya mafua havijaguswa, kwa sababu antibayotiki haigusi virusi. (Ndio, na zile kapsuli za rangi mbili unazoweka kwenye pochi ni hivyohivyo.)

Ukiuza kitu cha namna hiyo, mteja aliyekuamini kwa viatu ndiye atakayemeza. Dawa za cheti ni za famasi iliyosajiliwa. Tanzania ukikutwa unaziuza kwenye status utakutana na TMDA, Kenya na Bodi ya Famasi na Sumu. Hata ile nyota ya viungo vya pilau, ambayo kweli kiwandani walitoa ndani yake malighafi ya Tamiflu, usije ukaipost kama tiba. Kutoka kwenye nyota mpaka kwenye kidonge kuna kazi ndefu ya kikemia ambayo sufuria yako haiwezi.

Unachoweza kuuza kwa amani siku hizo ni sabuni, barakoa, ndoo za maji ya kunawa, na bidhaa zako za kila siku. Mwambie mteja mapema kuwa mzigo unaweza kuchelewa siku mbili, boda aache kifurushi mlangoni, malipo yapite kwenye simu. Na password za akaunti ya biashara zisijulikane na mtu mmoja tu. Ukilala wewe na homa ya 39, mwenzako aweze kufungua, kujibu oda zilizolipiwa na kurudisha hela za zile ambazo hazitaenda.